Heko kwa Watunzaji wa Bujora

Mwezi wa Juni, mtu wa Kahama aliyepata nauli ya Mwanza asiishie ufukweni kula sangara. Apitilize hadi Kisesa, kando ya barabara ya Musoma, apande kilima cha Bujora. Hapo pana Makumbusho ya Wasukuma, kazi iliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari Mkanada ambaye wenyeji walimwita Fumbuka. Kanisa lake ni la duara, mfano wa nyumba ya mtemi. Padri wa miaka ya 1950 kukaribisha ngoma ibadani! Halikuwa jambo dogo.

Ndani ya makumbusho zimetunzwa ngoma na viti vya watemi. Nje kuna nyumba ya mhunzi na ya mganga. Ila pongezi zangu kubwa ni kwa waandaaji wa Bulabo, tamasha la wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Vyama viwili hasimu vya ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila upande ukivuta umati. Hawa wametoka na chatu hai, wale wanarusha majembe ya bugobogobo, ngoma ya wakulima. Watazamaji wakikuhama, umeshindwa, hata kama miguu yako haikukosea hatua.

Kahama yenye dhahabu na mpunga haina uwanja wa ngoma kama huu wa Bujora. Inaweza kuujenga.