Istilahi Kwanza au Fasihi Kwanza? Maoni Kutoka Newala na Masasi

Kila anayesoma fasihi hapa Mlimani anaijua sentensi hii: mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kifani na kimaudhui. Tuliiandika kidato cha nne, tukairudia kidato cha sita, na wengine wetu bado tunafungia nayo kazi za semina. Sidai kwamba sentensi hiyo ni ya uongo. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuiandika bila kukifungua kitabu, na hapo ndipo penye ugomvi wangu nayo.

Nianze na mkosi wangu mwenyewe. Nilisoma Newala, juu ya Uwanda wa Makonde. Nyumbani tulizungumza Kimakonde, shule ya msingi tukafundishwa kwa Kiswahili, na tulipoingia kidato cha kwanza masomo yote yakageuka Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Kile tulichokiita usanisinuru darasa la saba kikapata jina jipya, ingawa jani lilikuwa lile lile. Tukajipa moyo kwamba angalau kwenye Kiswahili tutapata nafuu. Wapi! Mtihani wa kwanza wa fasihi ulitutaka tujadili dhamira za mwandishi. Kwa Kiswahili nilichokijua, dhamira ni nia, yaani kusudio alilonalo mtu moyoni. Basi nikajaza ukurasa mzima nikieleza mwandishi alikusudia nini na kwa nini nadhani hivyo. Kumbe mwalimu alitaka orodha: ukombozi, umoja, usaliti, nafasi ya mwanamke. Nikaambulia alama mbili katika ishirini. Siku ile sikujifunza maana ya dhamira. Nilijifunza kwamba neno ninalolijua nje ya darasa huenda si lile lile likiingia darasani, na kwamba usalama wangu uko kwenye daftari. Nikawa mtu wa kukariri.

Istilahi zetu nyingi zina tabia hiyo. Mtaani mtindo ni wa nywele na nguo, na muundo ni wa nyumba. Darasani maneno hayo hayo yanadai kazi nyingine. Lakini hakuna anayemwambia mwanafunzi waziwazi: neno hili unalijua, tazama sasa tunalipeleka wapi. Anapewa fasili, ananakili, basi. Wala tusisingizie uhaba wa maneno. BAKITA ipo tangu 1967, TUKI ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 2003 K.W. Wamitila alichapisha kamusi nzima ya istilahi na nadharia za fasihi. Maneno tunayo. Tulichokosa ni njia ya kuyafikia. Hata ule mjadala mtamu wa wahakiki kuhusu uhusiano wa fani na maudhui umetufikia kama vitu vitatu vya kukariri: kikombe na kahawa, chungwa, na sura mbili za sarafu. Muulize mwanafunzi kwa nini sarafu ni mfano bora kuliko kikombe, atakutazama tu. Hilo halimo kwenye desa.

Niliyaona haya kwa upande wa pili nilipoteremka kutoka uwandani kwenda Masasi kwa mazoezi ya kufundisha. Nilifundisha tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Masasi si mbali na habari hizo. Vita vya Majimaji vilifika pale mwaka 1905 na misheni ikaharibiwa. Nilidhani kwa hiyo darasa litachangamka. Insha zilipokuja, zote zilikuwa ndugu wa tumbo moja: dhamira tano, wahusika wanne, tamathali tatu, na mwisho mwandishi amefanikiwa kifani na kimaudhui.

Siku ya kurudisha insha, binti mmoja aliyepata alama za katikati alisema kwa sauti ndogo, kana kwamba anamwambia jirani yake: "Mwalimu, huyu mtu neno lake limemkimbia. Kalitoa mwenyewe, sasa hawezi kulirudisha." Nikamuuliza mbona hilo halimo katika insha yake. Akajibu: "Sikujua linaitwaje."

Jibu hilo sijalisahau. Binti yule alikuwa ameigusa roho ya tamthilia. Kinjeketile anawapa watu maji ili waungane, anawaambia wasubiri, wao hawasubiri. Na mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, hataki kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa neno lile si lake tena. Msomaji aliyeliona hilo amesoma. Lakini kwa kuwa halikuwa na jina katika daftari lake, aliliona ni porojo, akaliacha nje, akaandika orodha.

Nikampa jina: kinaya. Nikaeleza kwamba ni pale jambo linapogeuka kinyume cha lilivyokusudiwa. Akafikiri kidogo, kisha akaongeza lake: "Basi na maji yenyewe ni kinaya. Yaliletwa wawe wamoja, halafu ndiyo yaliyowafanya wasisubiri kuwa wamoja." Hilo mimi sikuwa nimeliona. Neno lilimfikia akiwa na kitu cha kulipa, na papo hapo likamwonyesha kitu cha pili.

Natamani ningeishia hapo. Wiki iliyofuata nilisahihisha insha za darasa zima, na kinaya kilikuwa kila mahali. Mhusika kafa, kinaya. Mvua imenyesha, kinaya. Nilikuwa nimeongeza istilahi moja kwenye desa! Kosa lilikuwa langu: yule binti alilipata neno kwa njia ya swali lake, wenzake wakalipata ubaoni.

Wapo watakaosema, kama ni hivyo, tuzitupe istilahi. Watoto wa uwandani wamelelewa na vitandawili na nyimbo, waachwe wahakiki kwa maneno yao. Sikubaliani. Ya jandoni na unyagoni hubaki huko, lakini hili laweza kusemwa: huko nako wimbo huimbwa kwanza, kisha aliyeingia hufunguliwa fumbo lake. Kila elimu ina maneno yake. Bila neno kinaya, mimi na binti yule tusingeweza kubishana na msomaji wa Mombasa au Zanzibar aliyekiona kitu kile kile katika kitabu kingine. Kumnyima mwanafunzi wa Newala istilahi ni kumwacha nje ya baraza. Kumkaririsha ni kumwingiza barazani akiwa bubu.

Kwa maoni yangu, basi, fasihi itangulie na istilahi ifuate karibu sana nyuma yake. Mwanafunzi aseme kwanza alichokiona, kwa Kiswahili chake, hata kikichanganyika na Kimakonde, Kiyao au Kimakua. Kisha apewe jina lake, na aonyeshwe jina hilo linapoachana na maana ya mtaani. Wahadhiri wetu nao wangetusaidia kama wangekataa, japo kwa muhula mmoja, kuipokea ile sentensi ya kufungia. Najua itakuwa taabu. Mimi mwenyewe, nilipoyamaliza makala haya, mkono ulikuwa tayari unataka kuandika kwamba Ebrahim Hussein amefanikiwa kwa kiasi kikubwa.