Bawa Chini ya Maji

Mjukuu wangu alitaka kauli yangu kabla hajatoa akiba yake yote kununua ubao wenye bawa chini ya maji. Tukaenda Kunduchi na wa kuazima, wakati wa maleleji, upepo wa kupepea leso tu. Bawa lilikuwa pana, na kwa haki: chuoni nilifundisha kwamba kasi ikipungua kwa nusu, eneo lihitajikalo huwa mara nne. Akapiga miguu mara kadhaa, ubao ukapaa kimya. Nilisimama bila kujijua.

Maji yalipokupwa, mguu wa bawa ulikita mchangani, akarushwa. Ngalawa ikapita palepale.

“Babu, ninunue?”

Nikamwambia chombo hakina kosa, ila pwani yetu hukupwa mbali mno, asubiri. Alinuna hadi Mwenge.