Kuisoma Rafu: Mwongozo kwa Mtazamaji Makini

Mechi ikiisha, runinga hutandaza jedwali la takwimu: umiliki wa mpira, mashuti, kona, na karibu na mwisho kabisa, rafu. Wengi hutupia jicho mstari huo na kutoa hukumu papo hapo. Timu yenye rafu 17 ni ya wahuni, yenye 9 inacheza soka safi. Hukumu hiyo mara nyingi huwa batili. Jedwali limehesabu filimbi za refa tu. Halijui mpira ulikuwa wapi, nani alikuwa anakimbilia wapi, wala nini kilikuwa kinakaribia kutokea kabla ya filimbi kulia. Mimi nashikilia kipimo kimoja: rafu hupimwa kwa shambulizi ililoliua, na kwa bei aliyoilipa aliyeicheza.

Kuna mechi moja ambayo kila anayetaka kujifunza jambo hili inampasa aitafute na kuitazama upya. Ni robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Brazil na Colombia, iliyochezwa Fortaleza tarehe 4 Julai 2014. Rafu zilikuwa 54, nyingi kuliko mechi nyingine yoyote ya mashindano yale: Brazil 31, Colombia 23. Ukiambiwa hivyo utadhani refa, Mhispania Carlos Velasco Carballo, alichoka mkono kwa kuandika majina. La hasha. Kadi ya kwanza ilitoka dakika ya 64, na aliyeonyeshwa ni nahodha wa Brazil, Thiago Silva, kwa kosa lisilohusiana kabisa na mieleka iliyokuwa ikiendelea katikati ya uwanja: alimzuia kipa David Ospina alipotaka kuuanzisha mpira. Hadi mwisho zilitoka njano nne tu.

Sasa mtazame James Rodríguez katika mechi hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 22, na ndiye aliyemaliza mashindano akiwa mfungaji bora kwa mabao sita. Kila alipogeuka na mpira, mguu wa njano ulimfikia. Mara nyingi ulikuwa wa Fernandinho, lakini haukuwa wake peke yake. Wachezaji wa Brazil walipokezana. Mmoja akimkwatua sasa, mwingine anamsubiri hatua chache mbele. Fernandinho alimaliza mechi bila kadi. James, aliyekuwa akigaragazwa tangu mwanzo, ndiye aliyeonyeshwa njano dakika ya 67 kwa kumchezea rafu Hulk, na mpira wa adhabu uliotokana na kosa hilo ndio David Luiz aliofungia bao la pili la Brazil. Dakika za lala salama Juan Camilo Zúñiga alimpiga Neymar goti la mgongoni na kumvunja mfupa wa uti. Zúñiga hakuonyeshwa kadi yoyote. Siku nne baadaye Brazil iliingia nusu fainali bila Neymar aliyekuwa majeruhi, na bila Thiago Silva aliyekuwa amefikisha njano mbili. Ujerumani ikashinda 7-1.

Ndani ya mechi hiyo moja mna karibu kila kitu mtazamaji anachohitaji kukijua.

Kwanza, bei. Rafu ina bei, na anayeipanga ni refa. Wachezaji wa kulipwa huanza kumpima tangu dakika za mwanzo: huyu anavumilia kiasi gani? Rafu ya kwanza kali ikipita kwa maneno tu, zinazofuata zinakuwa za bure, nao hawataacha kuchukua cha bure. Linganisha na fainali ya mwaka 2010 mjini Johannesburg, Hispania na Uholanzi, iliyochezeshwa na Howard Webb. Rafu zilikuwa 47, saba pungufu ya zile za Fortaleza, lakini Webb alitoa njano 14, mbili kati yake zikiwa za John Heitinga aliyetolewa kwa nyekundu. Hiyo ni kadi moja kwa kila rafu tatu na kidogo. Fortaleza ilikuwa kadi moja kwa kila rafu 13 na ushee. Kwa hiyo usisome rafu bila kusoma kadi pembeni yake. Kadi nyingi nazo si dhamana ya haki: katika fainali hiyohiyo Nigel de Jong alimkita Xabi Alonso daluga la kifuani akapewa njano, na Webb mwenyewe alikiri baadaye kwamba ilistahili nyekundu.

Pili, majina. Jumla ya rafu haisemi kitu mpaka uone nani amezicheza na nani amechezewa. Sheria za mchezo zinaruhusu kumwonya anayerudia makosa, ila hazitaji idadi, zinamwachia refa. Kocha mjanja huipenya nafasi hiyo kwa kuzigawa. Ukikuta rafu 12 zilizochezwa na watu tisa, na saba kati yake zimemwangukia mtu mmoja, huo ni mpango uliochorwa ubaoni kabla ya mechi. Ukikuta rafu 12 na tano ni za beki wa kushoto peke yake, hapo hakuna mpango wowote. Kuna winga anamsumbua, na kocha wa upande wa pili ameshaliona hilo ndiyo maana mipira yote inapelekwa kulekule.

Upande wa wanaochezewa nao una siri zake. Diego Maradona alichezewa rafu 53 katika Kombe la Dunia la 1986, na miaka minne kabla ya hapo, katika mechi moja tu dhidi ya Italia mjini Barcelona, alichezewa 23, sehemu kubwa ikitoka kwa Claudio Gentile aliyekabidhiwa kazi ya kumganda. Jack Grealish alichezewa 167 katika Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2019-20 akiwa Aston Villa. Namba kama hizo husifu kipaji, lakini pia hueleza mtindo. Grealish hukaa na mpira mguuni mpaka beki ajitose. Anaita mguu uje, halafu anausogeza mpira kidogo. Kwa Villa iliyokuwa ikipigania kubaki ligi kuu, kila mpira wa adhabu ulikuwa pumziko kwa mabeki na nafasi ya kupanda mbele. Wapo pia wanaojirusha, na refa mzoefu huwajua kwa namna wanavyoanguka kabla ya kuguswa, lakini watazamaji wetu hulikuza mno suala la kujirusha. Anayeangushwa mara sita katika mechi kwa kawaida ameangushwa kweli.

Sasa tuje kwenye hesabu inayosahauliwa kuliko zote. Rafu nyingi huchezwa na timu isiyo na mpira, kwa hiyo timu inayoshinda na mpira mguuni haina muda wa kucheza rafu. Chukua mfano. Mpira unachezwa kwa dakika 55 hivi kati ya zile 90. Timu A ina umiliki wa asilimia 65 na rafu 10. Timu B ina asilimia 35 na rafu 13. Jedwali linasema B ndiyo yenye fujo. Lakini A imekaa bila mpira dakika 19 tu, maana yake imecheza rafu moja kila baada ya dakika mbili hivi. B imekaa bila mpira karibu dakika 36, rafu moja kwa karibu dakika tatu. Ile timu ya pasi nyingi na sifa tele ndiyo inayokata zaidi.

Ndipo inapokuja Manchester City ya Pep Guardiola. Ikipoteza mpira juu, wachezaji wake huuvamia papo hapo, na wasipoupata, mmoja anavuta jezi au anaweka mguu. Ni rafu ndogo, isiyoumiza, inayochezwa mbali na lango la City, na marefa huiachia kwa sababu shambulizi lenyewe bado halijaiva. Aprili 2019 Ole Gunnar Solskjær, wakati huo kocha wa Manchester United, alilisema hadharani kabla ya mechi ya watani wa jadi. Guardiola akakana kwamba anawaagiza wachezaji wake kufanya hivyo. Wachambuzi wa takwimu walikuwa wameshaichukulia rafu kuwa sehemu halali ya ukabaji. Kipimo cha kukabia juu alichokibuni Colin Trainor mwaka 2014 huhesabu pasi ambazo wapinzani wanaruhusiwa kupiga kabla ya kukutana na tendo la ukabaji, na rafu imo katika matendo hayo pamoja na kupora na kukatiza pasi. Namba ikiwa ndogo, timu inakaba kwa ukali.

Kwa hiyo ramani ya rafu ni bora kuliko idadi yake. Getafe ya José Bordalás, iliyoshika nafasi ya tano katika La Liga msimu wa 2018-19, ilitukanwa sana kwa wingi wa rafu, na wengi waliidhania ni timu ya kujazana nyuma na kupiga miguu. Aliyeitazama kwa makini aliona nyingi ya rafu zile zikichezwa kwenye nusu ya wapinzani. Ilikuwa inakabia juu, tena kwa ujasiri mkubwa, ikikubali kupigiwa filimbi huko mbali kuliko kuachia mchezo uanze. Kuipenda si lazima. Kuiita ya woga ni kutoitazama.

Rafu ya kiufundi ina daraja zake, na hapa ndipo mtazamaji anapojitofautisha na mwenzake. Fainali ya Euro, Wembley, 11 Julai 2021, Italia na England 1-1, dakika za majeruhi. Giorgio Chiellini mwenye miaka 36 anazidiwa na Bukayo Saka mwenye miaka 19 kando ya mstari. Anamkamata ukosi wa jezi na kumrudisha nyuma. Njano. Ilikuwa mbali na lango, hakuwa na kadi, na hakuna mechi iliyofuata ya kukosa. Hatari pekee aliyoibeba ni kucheza dakika 30 za nyongeza akiwa na njano, akaibeba, na Italia ikashinda kwa penalti. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Jeddah, Januari 2020, fainali ya Super Cup ya Hispania ikiwa 0-0 dakika ya 115, Álvaro Morata wa Atlético Madrid alichomoka peke yake kwenda kwa kipa, Federico Valverde akamkwatua kwa nyuma. Nyekundu ya wazi. Real Madrid ikashinda kwa penalti, na Valverde akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Naona rafu ya Chiellini ni ya daraja la juu zaidi, kwa sababu ile ya Valverde ingeweza kumvunja mtu mguu.

Rafu ya kijinga utaitambua kirahisi: mshambuliaji amepokea mpira mgongo ukielekea lango, hana msaada, mabeki wawili wako nyuma yake, na bado kuna anayemsukuma. Shambulizi lilikuwa limeshakufa lenyewe. Aliyesukuma amelifufua kwa mpira wa adhabu.

Kuna pia rafu ambayo haikuchezwa, na hiyo haionekani katika jedwali lolote. Robo fainali ya Kombe la Dunia la 2018, Kazan, Brazil na Ubelgiji. Casemiro, fundi wa kukata mashambulizi mapema, alikuwa jukwaani kwa sababu ya njano ya pili aliyoipata dhidi ya Mexico. Nafasi yake ilichukuliwa na Fernandinho, ambaye kwanza alijifunga, kisha dakika ya 31 Romelu Lukaku akauchukua mpira kwenye nusu yake na kuanza kukimbia. Fernandinho alimfikia lakini hakumzuia wala hakumwangusha. Lukaku akampa Kevin De Bruyne, bao. Ubelgiji ikashinda 2-1. Mashindano hayohayo, katika fainali, N'Golo Kanté alionyeshwa njano dakika ya 27, na dakika ya 55 kocha wake akamtoa. Huyu ndiye aliyeongoza Ligi Kuu ya Uingereza ya 2015-16 kwa kupora mipira 175 na kukatiza pasi 156. Lakini kiungo mkabaji mwenye njano hukaba nusu, hata akiwa Kanté.

Mazingira nayo yaingizwe kwenye hesabu, ingawa kwa haraka. Refa wa Uingereza huachia migongano ambayo mwenzake wa Hispania angeipigia filimbi, kwa hiyo usiulinganishe mkusanyiko wa rafu wa ligi moja na wa nyingine. Kelele za jukwaani nazo zina uzito: mwaka 2020 viwanja vilipofungwa kwa sababu ya korona, watafiti wa Ulaya waliona kwamba timu za ugenini ziliadhibiwa kidogo kuliko zilivyozoea.

Mwisho, usiwatazame mabeki na viungo pekee. Kevin Davies wa Bolton, chini ya Sam Allardyce, alikuwa mshambuliaji, na kwa misimu kadhaa aliongoza ligi nzima kwa kucheza rafu. Hakuwa akikimbiza miguu ya mtu. Bolton ilipiga mipira mirefu, naye kazi yake ilikuwa kuigombea hewani na mabeki wawili, mkono huku, kiwiko kule, dakika zote 90. Kila mgongano ungeweza kupigiwa filimbi upande wowote, na yeye mwenyewe alichezewa rafu karibu sawa na alizocheza. England ilimwita akiwa na miaka 33. Aliingia akitokea benchi dhidi ya Montenegro, Oktoba 2010, mechi yake pekee ya taifa, akaruka na mabeki kama alivyokuwa akiruka kila wiki kule Bolton, na refa wa kimataifa akamwandika njano.