Dawa Inaingilia Wapi?

Karibu kila tasnifu ninayoifungua kuhusu tiba asili ya Usukuma ina jedwali moja katikati yake, na jedwali hilo halibadiliki. Safu ya kwanza ni jina la mmea kwa Kilatini, limeandikwa kwa herufi za mlazo. Ya pili ni jina la Kisukuma. Ya tatu ni sehemu inayotumika: mzizi, gome au jani. Ya nne ni ugonjwa. Ya tano ni namna ya kuandaa, ambayo mara nyingi ni kuchemsha na kunywa. Baada ya hapo zinakuja asilimia, halafu pendekezo kwamba utafiti zaidi ufanyike maabara. Nimezaliwa Kahama, nasoma shahada ya uzamili, na mwaka huu wote nimekuwa nikisoma majedwali haya jinsi wenzangu wanavyosoma riwaya. Naomba basi niyahakiki kama utanzu, kwa sababu utanzu ndivyo yalivyo. Yana shujaa wake, ambaye ni mti. Yana mhusika mdogo asiye na jina, anaitwa "mtoa taarifa". Mhusika huyo huulizwa dawa inatibu nini, na kwa nini inatibu haulizwi kamwe.

Sidharau kazi yenyewe. Mwaka 1999 Dery, Otsyina na Ng'atigwa walichapisha utafiti kuhusu miti ya dawa ya mkoa wa Shinyanga, wakitafuta ipi ipewe kipaumbele kupandwa na wakulima. Walikuwa na sababu nzito. Mkoa ulikuwa umevuliwa miti yake kwa miongo mingi, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulikuwa umeanza tangu 1986 kufufua ngitili, na asiyeujua mti hawezi kuuokoa. Kwa kazi kama hiyo orodha inafaa kabisa. Muhimbili nako kitengo cha utafiti wa dawa asilia kilianza mwaka 1974, kikawa taasisi mwaka 1991, na wanakemia wake wana haki ya kuuliza maswali ya kikemia. Shida yangu ni kwamba chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya msitu na maabara kimegeuka kuwa namna pekee ya kuzungumza juu ya uganga. Hata wanafunzi wa sayansi za jamii siku hizi wanakuja na safu tano.

Jedwali linaacha nini nje? Neno moja litatosha. Kwa Kisukuma dawa ni bugota, na miti ni sehemu tu ya bugota. Pamoja na miti huwekwa kitu kingine, kidogo, kinachoitwa shingila. Neno hilo linatokana na kwingila, kuingia. Ni kingilio cha dawa, mlango wake. Mwenye duka anayetaka wateja anaweza kupewa mizizi ileile anayopewa mtu mwingine kwa shida nyingine, ila yake ikachanganywa na kitu kilichookotwa mahali watu wanapojaa. Mzizi una nguvu, sawa, lakini hiyo nguvu haijui iende wapi. Shingila ndiyo inayoielekeza. Kwa maneno mengine, ndani ya dawa kuna sentensi: kuna kitu, kuna mtu, na kuna nia inayoviunganisha. Ukisaga mzizi ukaupeleka maabara peke yake umechukua nomino moja, ukaiacha sentensi.

Na hii si siri niliyoivumbua mimi. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa sosholojia wa serikali ya Tanganyika, aliandika kuhusu viambato vya aina hii mwaka 1949, katika makala iliyotoka kwenye jarida la Africa. Nyaraka zake zipo maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukimsoma leo unaona mkusanyaji hodari aliyeona kila kitu akakiweka kwenye kabati. Neno "magic" liko kwenye kichwa cha makala yake, na nadhani neno hilo ndilo lililowafanya waliofuata wakiruke kipengele hicho kizima. Mwanasayansi wa Kitanzania anayeomba fedha za utafiti hawezi kurudi ofisini na uchawi. Anarudi na gome.

Aliyelirudisha swali la maana ni Koen Stroeken, Mbelgiji, katika kitabu chake Moral Power cha mwaka 2010. Hoja yake kuu ni kwamba mchawi, kwa mtu anayejihisi amerogwa, si adui wa mbali bali ni mtu wa karibu anayemdai kitu, na kwa sababu anadai, mgonjwa anahisi mtu huyo ana aina fulani ya haki juu ya maisha yake. Huko kuhisi ndiko ugonjwa wenyewe, na mganga anafanya kazi ya kumtoa mgonjwa humo. Hii ni nadharia ya maradhi inayoweza kujadiliwa, kukubaliwa au kukataliwa. Kitabu kina kasoro zake. Kimejaa nadharia za Ulaya hadi mahali pengine Msukuma anapotea kati ya wanafalsafa, na hakuna mfumu wa Ushetu au Msalala atakayekisoma apinge. Lakini angalau mganga ndani yake anafikiri.

Pengo hili nililiona vizuri zaidi kupitia semina moja iliyotulazimisha kusoma tafiti za Ayurveda, tiba ya kale ya Bara Hindi. Nilitarajia mizizi na manjano. Nikakuta ugomvi wa mawazo. Mwaka 1991 Kenneth Zysk alitoa kitabu kinachodai kwamba chimbuko la tiba hiyo tulitafute zaidi kwa watawa waliotanga nje ya mfumo wa makuhani, wakiwamo Wabuddha, na kwamba nyumba za watawa zilikuwa mahali ambapo maarifa hayo yalikusanywa na kutumiwa. Kanuni za watawa zinataja dawa walizoruhusiwa kuwa nazo: samli, siagi, mafuta, asali na sukari guru. Orodha, ndiyo. Ila msomi hakuishia kwenye orodha. Aliuliza: mtu anayeamini kwamba mateso yana chanzo, na kwamba chanzo kinaweza kukomeshwa, anautazamaje mwili unaoumwa? Wengine wakambishia. Wapo wanaosema kulinganisha mafundisho ya Buddha na kazi ya tabibu ni jambo ambalo wasomi wameling'ang'ania kuliko ushahidi unavyoruhusu. Nilipenda ubishi huo. Ni nadra kuona watu wakigombana hivyo juu ya mfumu.

Nitajibiwa kwamba Wahindi wana vitabu na sisi hatuna. Lakini hizo kanuni za watawa zilihifadhiwa kwa vinywa vizazi na vizazi kabla hazijaandikwa, na hakuna anayesema fikra zilianza siku wino ulipokauka. Maandishi yana faida nyingine, hilo nakubali. Hati miliki ya Marekani juu ya manjano kama dawa ya vidonda, iliyotolewa 1995, ilifutwa 1997 baada ya India kuonesha maandishi ya zamani. Hapo ni orodha iliyoshinda kesi, si falsafa, nami sina neno.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Kahama si mahali pa kuzungumzia uganga kwa raha ya kitaaluma. Huku wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyatafiti mauaji hayo ya Usukuma miaka ya tisini, na kurasa zake bado zinatisha. Kisha, kuanzia 2007, nchi ikasikia habari za kuuawa kwa watu wenye ualbino. Deborah Bryceson na wenzake wawili, katika makala ya 2010, waliihusisha biashara hiyo na machimbo madogo ya dhahabu: mchimbaji anayetafuta bahati kwenye shimo asiloona mwisho wake, na mganga anayemuuzia uhakika kwa bei kubwa. Nimekulia kati ya mashimo hayo. Makala hiyo inaeleza soko lilivyofanya kazi kuliko mahubiri yote niliyowahi kuyasikia.

Serikali ilijibu Januari 2015 kwa kupiga marufuku waganga wapiga ramli, na kufikia Machi zaidi ya 200 walikuwa wamekamatwa. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipita 2002 ikaweka baraza la kuwasajili waganga. Ukiziweka pamoja unaona mganga aliye salama ni yule mwenye majani, na aliye hatari ni yule mwenye maneno. Hilo ni jedwali letu la safu tano likiwa limevaa joho la sheria.

Napinga mgawanyo huo kwa sababu moja: hauwalindi wanaouawa. Mwuaji anayedai kiungo cha binadamu ni shingila ya dhahabu anatoa hoja, ovu lakini hoja, ndani ya lugha ya uganga. Wa kumjibu kwa lugha hiyohiyo ni wafumu wanaojua kingilio ni nini na kina mipaka gani, na hao ndio hatujawauliza. Msomi anayejua majina mia mbili ya miti hana la kusema hapo. Anabaki kusema "imani potofu", na mchimbaji aliyekwisha kulipa hasikii neno hilo. Wanaodhani kuuchukulia uganga kama fikra ni kuutetea hawajanielewa. Huwezi kuishitaki fikra ambayo umekataa kuiandika.

Stacey Langwick, aliyetafiti Newala, kusini kabisa mwa nchi, ana kitabu cha 2011 kinachoonesha jinsi ya kuanza. Anaichukua degedege kama waganga na akina mama wanavyoiishi, hakimbilii kuibadilisha jina iwe malaria, kisha anafuata nani anaiona, kwa ishara gani, na nini kinafanyika ikishatajwa. Kahama haijapata kitabu cha namna hiyo. Ray Abrahams alikaa hapa mwishoni mwa miaka ya hamsini akaandika juu ya watemi, na baadaye juu ya Sungusungu. Kwa wafumu tumebaki na gome na asilimia.

Kwenye fomu yangu ya utafiti nimeongeza safu ya sita, yenye swali moja: dawa hii inaingilia wapi? Msimamizi ameniambia majibu yake hayataingia kwenye programu ya takwimu, na ni kweli hayaingii. Wafumu watatu wa kwanza walijibu kwa urefu ambao kisanduku changu hakikuutosha, nikageuza karatasi nikaandika nyuma. Wa nne aliniuliza mgonjwa ni nani. Nilipomwambia hakuna mgonjwa, ni utafiti tu, akasema basi hata hiyo dawa bado haipo, nikaone miti yake nje kama nataka.