Utamu Uko Nje ya Lango

Jamani, raha yote hii ilikuwa imefichwa wapi? Ni Indianapolis, Marekani, juma la pili la Agosti. Jua la alasiri limekamata lami ya maegesho, na nje ya uwanja wa Lucas Oil vijana tisa wamejipanga bega kwa bega, kila mmoja na ngoma yake kiunoni. Wa katikati anagonga ukingo wa ngoma mara nne. Kisha vijiti kumi na vinane vinashuka kwa pamoja, na unaweza kuapa kwamba kimeshuka kijiti kimoja! Nami nimesimama mita mbili tu mbele yao. Hakuna spika, hakuna kiti chenye namba, hakuna tiketi. Nilikuja kutazama mashindano ya ndani, nimeondoka nikiwa mtu wa maegesho moja kwa moja.

Kwa msomaji mgeni, mambo yako hivi. Kila kiangazi vikosi vya ngoma na matarumbeta vya vijana wasiozidi miaka 22 huzunguka Marekani kwa mabasi. Wanalala chini kwenye kumbi za michezo za shule na kufanya mazoezi tangu asubuhi hadi usiku. Kikosi kimoja kikubwa kinaweza kuwa na watu 165: wapiga matarumbeta ya kila kimo, wapiga ngoma, wapiga marimba na wacheza bendera. Wanaandaa onyesho moja tu la dakika kumi na ushee, wanalinoa msimu mzima, kisha wanalipeleka kwenye fainali za Drum Corps International. Fainali ya kwanza ilifanyika mwaka 1972 katika mji wa Whitewater, Wisconsin, na Anaheim Kingsmen wakabeba ubingwa. Tangu 2009 nyumbani kwa fainali ni Indianapolis. Majina makubwa ni Blue Devils wa Concord, California, walioshinda mara nyingi kuliko wote, Santa Clara Vanguard, Phantom Regiment wa Rockford, Illinois, Bluecoats wa Canton, Ohio, na wakongwe Boston Crusaders, walioanzishwa 1940.

Hayo ni ya kwenye bango. Sasa sikia yasiyo kwenye bango. Kabla ya kuingia uwanjani, kila kikosi lazima kipashe moto. Kinapewa muda wake na mahali pake: kipande cha maegesho, kiwanja cha nyasi, kivuli cha miti. Ngoma zinakaa kona yake, matarumbeta kona yake, marimba kona yake, bendera kona yake. Mashabiki wenyeji ratiba wameimeza. Wanajua Blue Devils wanaanza saa ngapi na Vanguard wako upande gani, na wanakimbia kutoka kona hadi kona na viti vya kukunja, chupa za maji na simu zimeinuliwa juu. Wapo wanaokuja bila tiketi ya ndani kabisa! Wanasikiliza mpaka kikosi cha mwisho kiingie, kisha wanakwenda kula, nyuso zinang'aa.

Na wana haki. Tuanze na ngoma zenyewe.

Zoezi la kwanza ni rahisi mpaka unashangaa: mapigo manane mkono wa kulia, manane mkono wa kushoto. Rudia. Rudia tena. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kulipiga. Lakini hakuna mtoto anayeweza kulipiga hivi! Urefu wa kuinua kijiti umepimwa: pigo dogo ni sentimita saba au nane juu ya ngozi, pigo kubwa ni thelathini. Ukitazama safu kwa ubavu, ncha zote zinapanda kwenye mstari mmoja na kushuka kwenye mstari mmoja, na miguu inahesabu papo hapo chini, kulia, kushoto, bila kuhama. Mkufunzi anatembea mbele yao akigonga kipande cha plastiki kushika mwendo. Akisikia pigo moja limepotea kwa unywele, anasimamisha, anasema neno moja, wanaanza upya. Mara ya pili limeshanyooka. Umeshuhudia kosa likifa mbele ya macho yako!

Kisha mwendo unaongezwa. Ngoma za snea, zile zenye nyuzi chini, zimevalishwa ngozi ya Kevlar, uzi uleule unaotengenezewa fulana za kuzuia risasi. Zimekazwa kiasi kwamba kila pigo linatoka kavu, fupi, kali. Ukiwa karibu hulisikii kwa masikio peke yake, linakugonga kifuani. Pembeni yao wako wapiga ngoma za teno, kila mmoja amebeba ngoma tano au sita zilizofungwa pamoja, mzigo wa zaidi ya kilo kumi. Mikono inapishana juu ya ngoma hizo kwa kasi ambayo jicho linakata tamaa kuifuata. Upande wa pili ziko besi, kwa kawaida tano, kila mtu na yake, kila moja na sauti yake kuanzia nyembamba hadi nzito. Na hawa ndio walionimaliza! Wanagawana mstari mmoja wa mapigo ya haraka, kila mtu pigo lake moja, likipita mikononi mwa watu watano bila kuchechemea. Wa tatu akichelewa nukta, mstari mzima unaanguka. Haukuanguka.

Kila kikosi kina mazoezi yake yanayopendwa kama nyimbo. Santa Clara Vanguard wana lao linaloitwa Ditty. Lilipoanza tu, watu waliokuwa wakinywa maji waliacha kunywa. Vijana wa sekondari waliozunguka walikuwa wanalipiga lote mapajani mwao, pigo kwa pigo, macho yamefumbwa. Wameshalisoma kutoka kwenye video, wamelirudia vyumbani mwao majira yote ya baridi, na leo wako hatua mbili kutoka kwa wenyewe. Hilo haliwezekani jukwaani, ambako mpiga ngoma huonekana kama nukta ndogo kwenye nyasi.

Kwa nini basi tofauti kati ya maegesho na jukwaa ni kubwa namna hii? Sababu ni sauti yenyewe. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Uwanjani kikosi kinatawanyika, na mtu wa matarumbeta anaweza kuwa mita 60 kutoka kwenye ngoma. Pigo la ngoma linamfikia baada ya takriban sekunde 0.17. Katika mwendo wa mapigo 180 kwa dakika, hiyo ni nusu ya pigo zima! Ndiyo maana wanafundishwa kusubiri sauti inayotoka nyuma yao badala ya kufuata wanachokisikia pembeni, na ni ufundi wa kuvuliwa kofia. Lakini hata wakifanikiwa, wewe uko juu, chini ya paa la uwanja mkubwa, na kila pigo linagonga kuta na kurudi kulikuta pigo lingine njiani. Kula mlo huu kutoka kiti cha juu ni kunusa pilau la jirani kupitia dirishani. Maegeshoni umekaribishwa kwenye sinia.

Na kuna sababu ya pili. Onyesho la ndani limetengenezwa kwa ajili ya majaji. Alama ziko 100: mvuto wa jumla unachukua 40, mambo ya macho 30, muziki 30, na karatasi ya jaji wa ngoma ina uzito wa alama 10 tu. Kumi! Ipo tuzo ya heshima ya Fred Sanford, iliyopewa jina la mwalimu mkubwa wa ngoma wa Santa Clara Vanguard, kwa upigaji bora wa ngoma. Lakini katika kumsaka bingwa, ngoma ni kipande kimoja kati ya vingi. Maegeshoni ngoma ni mia kwa mia. Hakuna mavazi ya kukuvuta jicho, hakuna jukwaa la kupanda, hakuna msimulizi kwenye spika. Wamevaa kaptura, wamejipaka mafuta ya jua, na kinachobaki ni mikono.

Usidhani ngoma peke yake ndiyo yenye enzi. Sogea mpaka kwenye matarumbeta. Wamesimama nusu duara, makumi ya watu, na mwanzoni hakuna anayepuliza chombo. Wanapumua tu! Pumzi ndani kwa hesabu ya nne, nje kwa hesabu ya nane, vifua vinapanda pamoja. Kisha noti moja ndefu, laini, inaanzia kwenye tuba na kupanda taratibu hadi kwenye tarumbeta ndogo, na nusu duara lote linageuka chombo kimoja. Halafu mkufunzi anafungua mikono. Mama yangu! Sauti ile haina fujo wala kelele ya bati. Ni nzito, imejaa, na imepangwa sawasawa kiasi kwamba unahisi lami inatetema chini ya kandambili zako. Phantom Regiment wamejijengea jina kwa sauti ya namna hii, na mashabiki wao husimama mbele ya nusu duara hilo wakilia machozi bila kuona haya.

Na marimba je? Uwanjani zinasikika kupitia maikrofoni, kwa kuwa tangu 2004 kanuni zinaruhusu vipaza sauti. Pembeni mwa maegesho unaweza kuinama na kusikia mbao zenyewe. Wapigaji wanashika vijiti vinne kila mmoja, viwili kila mkono, na sauti inatoka ya joto, ya mti, sauti ya chombo ambacho asili yake ni huku kwetu Afrika. Nilikaa pale mpaka wakaanza kusukuma marimba zao kuelekea langoni.

Mtu wa Pwani hatakuwa mgeni hapa. Ngoma yetu ya beni ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi, ikatupa vyama vya Marini na Arinoti vikishindana kwa sare, kwa gwaride na kwa ngoma. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Vikosi vya Marekani navyo vilikulia kwenye vyama vya askari wastaafu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Shina ni lilelile, jeshi. Na pande zote mbili raia waliichukua ngoma ya kuamrisha wakaifanya ngoma ya kutamba.

Je, uwanjani kusiendwe? Nendeni! Maegeshoni unapata vipande: zoezi, sehemu ya onyesho, zoezi tena. Huoni bendera zikirushwa angani juu ya matarumbeta, huoni maumbo yakifumuka na kujikunja kwenye nyasi, hupati wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliyelitunga onyesho alilitunga lionekane kutoka juu, na ni haki yake kulionyesha hivyo. Lakini ukishaisikia safu ya ngoma maegeshoni, ndani utaisikia tofauti. Utajua kwamba ule mvumo unaotoka nyuma ya uwanja ni vijana tisa unaozijua nyuso zao, na wa katikati ndiye aliyegonga ukingo mara nne.

Lipo jambo moja ambalo maegesho peke yake yanaweza kukupa. Jumamosi ya fainali ndiyo siku ya mwisho kwa waliofikia ukomo wa umri. Mwaka ujao hawaruhusiwi kurudi. Unawaona kwenye safu: zoezi lilelile la mapigo manane waliloanza nalo wakiwa wadogo wanalipiga kwa mara ya mwisho, meno yameumana, machozi yanatiririka, na vijiti bado viko kwenye mstari mmoja. Mikono haiyumbi hata kidogo! Nyumbani hakuna mshahara unaowangoja. Kushiriki wanalipia wenyewe, maelfu ya dola kwa msimu. Wanafanya yote hayo kwa ajili ya hizo dakika kumi na ushee, na wewe umesimama pale bure kabisa ukitazama.

Sasa ya kuzingatia kwa atakayekwenda. Fika saa kadhaa kabla ya onyesho, maana kila sehemu ya kikosi inapasha mahali pake na huwezi kuwa kote, chagua mapema. Usisimame kati ya safu na mkufunzi wao, wala usikatishe katikati ya nusu duara la matarumbeta. Wakianza kutembea kuelekea langoni, wapishe, wana dakika za kuhesabu. Vaa vizibo vya masikio, na mtoto mvishe vile vikubwa vya kufunika sikio lote, kwani ngoma hizi zinaumiza kwa karibu. Beba maji na kofia; jua la Indiana la Agosti halina huruma.

Na kwa aliyeko Mombasa, Bujumbura au Muscat, ambaye safari hiyo haimo katika bajeti, mlango uko wazi. Mashabiki wanarekodi kila kitu, na kampuni ya vijiti ya Vic Firth imepakia YouTube video nyingi za safu hizi zikipasha. Zitazameni, lakini si kwa spika ya simu! Tafuteni vipokea sauti vizuri vya masikioni, anzeni na mapigo manane, sikilizeni besi zikigawana mstari.

Hukumu yangu ni hii: kama una fedha ya tiketi moja tu na siku moja tu, nunua tiketi, ila alasiri yote kaa nje. Na kama huna fedha ya tiketi, njoo vivyo hivyo. Kilicho bora kabisa katika mashindano haya hakiuzwi dirishani.