Saa za Mchezaji wa Ridhaa: Mazoezi ya Bao Handeni na Korogwe

Mchezaji wa ridhaa ni mtu anayeshiriki mchezo bila kulipwa, ambaye riziki yake hutoka shambani, dukani au ofisini, na ambaye kila saa anayoitoa kwa ajili ya mchezo huwa ameiondoa kwenye shughuli nyingine. Kwa sababu hiyo, swali la muda wa mazoezi lina uzito mkubwa kwake kuliko kwa mchezaji wa kulipwa: kwa huyu wa pili mazoezi ndiyo kazi yenyewe, ilhali wa kwanza hana budi kuamua, jioni hata jioni, kama ustadi anaoutafuta unastahili gharama yake. Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, mchezo unaofaa kulichunguzia swali hilo ni bao, ambalo wakulima, wafanyabiashara na wazee waliostaafu hulicheza barazani na chini ya miti bila mshahara wala tiketi, na ambalo bado hudai kwa anayetaka kulijua vyema kiasi cha umakini kinachodaiwa na sanaa yoyote kubwa.

Duniani, swali hilo limejadiliwa sana katika gofu, mchezo ambao idadi kubwa ya wanaoucheza ni watu wa ridhaa. Kiwango cha mpiga gofu wa ridhaa hupimwa kwa handikapu, yaani idadi ya mapigo anayofidiwa ili aweze kushindana kwa haki na aliye hodari kuliko yeye, na kadiri handikapu inavyokaribia sifuri ndivyo ustadi wa mchezaji unavyokuwa mkubwa. Mwaka 2010 mpiga picha mmoja wa Portland, Marekani, Dan McLaughlin, ambaye alikuwa hajawahi kumaliza mzunguko kamili wa mashimo 18, aliacha kazi akakusudia kufanya mazoezi ya gofu kwa saa 10,000, akianza na mapigo mafupi kabisa ya kuusukuma mpira uingie shimoni, kisha akirudi nyuma hatua kwa hatua. Alisimama mwaka 2015 kwa maumivu ya mgongo, akiwa ametimiza saa zaidi ya 6,000, na handikapu yake ya chini kabisa ilikuwa 2.6, kiwango ambacho wapiga gofu wengi wa ridhaa hawakifikii maishani mwao mwote.

Hesabu ya saa 10,000 aliyoifuata ilitokana na utafiti uliochapishwa mwaka 1993 na mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake, waliochunguza wapiga fidla wa chuo cha muziki cha Berlin. Walikuta kwamba walipotimiza umri wa miaka 18, wanafunzi bora kabisa walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa saa 7,410, waliowafuata saa 5,301, na wale waliokuwa wakiandaliwa kuwa walimu wa muziki saa 3,420. Walioipokea habari hiyo mitaani walibaki na tarakimu wakaiacha hoja, kwa maana Ericsson hakuwa akizungumzia saa za aina yoyote ile. Alizungumzia mazoezi ya makusudi, yaani kazi inayolenga udhaifu mmoja uliotambuliwa, inayofanywa kwa umakini wote, na inayopata masahihisho papo hapo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 na Brooke Macnamara na wenzake ulionyesha kwamba mazoezi ya namna hiyo yalieleza takriban asilimia 26 ya tofauti za ustadi katika michezo ya kufikiri, asilimia 21 katika muziki na asilimia 18 katika michezo ya viungo. Wingi wa saa una nafasi yake, basi, lakini hautoshi peke yake, na methali ya Kiswahili ilikwisha kulisema jambo hilo kwa ufupi: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Anayecheza miaka 20 kwa kurudia kosa lilelile amezeeka mchezoni, hajafanya mazoezi.

Ili ionekane jinsi bao linavyoyabeba masharti hayo, inafaa kueleza umbo lake. Ubao una safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake. Kete, ambazo kwa desturi ni mbegu za mkomwe, ni 64, yaani 32 kwa kila mmoja. Katika bao la kiswahili, ambalo ndilo kamili, kila mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, shimo kuu la safu ya mbele, huku kete 22 zikibaki mkononi. Awamu ya kwanza, inayoitwa namua, ni ya kuziingiza kete hizo moja moja. Awamu ya pili, inayoitwa mtaji, huanza mkono unapokwisha, na hapo mchezaji hutegemea kete zilizomo ubaoni peke yake. Anayeimaliza safu ya mbele ya mwenzake, au kumwacha bila mwendo wowote unaoruhusiwa, ndiye mshindi.

Anayeanza kujifunza hatupwi katika ugumu huo wote kwa mara moja. Lipo bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili na mchezo huanza moja kwa moja kwa mtaji, bila namua na bila hesabu za nyumba, ili mwanafunzi aizoeze kwanza mikono yake kusambaza kete na macho yake kuona mahali kete ya mwisho itakapoangukia. Busara ya mpangilio huu inastahili sifa kubwa, kwa sababu waliouasisi waligundua, bila maabara wala takwimu, kanuni ileile aliyoifuata mpiga gofu wa Portland alipoanza na pigo fupi: ustadi mkubwa hugawanywa vipande, na kila kipande hushikwa barabara kabla ya kingine kuongezwa.

Ugumu wa bao umo katika urefu wa mwendo mmoja. Katika mwendo ulioanza kwa kula, yaani kwa kuziteka kete za mpinzani, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mchezaji hula tena au huchota zilizomo na kuendelea kusambaza, hata mwendo ukauzunguka ubao mara kadhaa kabla kete ya mwisho haijalala, yaani haijaangukia shimo tupu. Fundi, kama anavyoitwa aliyebobea, huuona mwendo huo wote kichwani kabla mkono wake haujagusa kete, huulinganisha na miendo mingine iliyo wazi kwake, na huhesabu pia kile mpinzani atakachoweza kujibu. Nyumba nayo humletea mtihani wa pekee, kwa kuwa kete ya mwisho ikiishia ndani yake mchezaji ana hiari ya kusimama na kuilinda akiba yake, au kuivunja na kuisafirisha ubaoni kwa matumaini ya mavuno makubwa zaidi. Kuna hata mbinu ya kutakasia, inayomfunga mpinzani asiweze kuliokoa shimo moja linalotishiwa, ambayo wachezaji wengi huisikia ikitajwa muda mrefu kabla ya kuielewa. Haishangazi kwamba mtafiti Alexander de Voogt, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu mafundi wa bao wa Zanzibar, aliuchukulia umahiri wao kuwa dirisha la kuchunguzia mipaka ya akili ya mwanadamu.

Umahiri huo hautokani na mchezaji na ubao wake peke yao, kwa maana bao lina jambo ambalo uwanja wa mazoezi ya gofu, anakosimama mtu mmoja akipiga mpira baada ya mpira, hauna kwa urahisi: lina baraza. Kuuzunguka ubao hukaa watu wasiocheza kwa wakati huo, lakini wanaohesabu pamoja na wanaocheza, na mara mwendo mbaya unapofanyika, hawanyamazi. Watataja shimo lililopaswa kuchezwa, watabishana kama kweli lingefika, na mara nyingine kete zitarudishwa zilipokuwa ili hoja ithibitishwe mbele ya wote. Anayefungwa hunyanyuka akampisha mwingine, na katika kungoja zamu yake huwa naye ni mtazamaji, akilitazama kosa alilolifanya muda mfupi uliopita likifanywa na mtu mwingine. Masahihisho ya papo hapo, ambayo mpiga gofu wa ridhaa huyapata kwa kumlipa mwalimu, hapa hutolewa bure na kwa wingi, na hutolewa na watu ambao kesho yake watakuwa wapinzani wa huyohuyo waliyemsahihisha.

Saa zenyewe hupatikanaje? Mtu anayecheza saa mbili kwa siku, kwa siku 300 za mwaka, hutimiza saa 600, na angehitaji zaidi ya miaka 16 kuzifikia saa 10,000. Kwa mkulima wa Handeni, saa hizo hazigawanyiki sawasawa katika mwaka. Mahindi ya masika hudai kulimwa, kupandwa na kupaliliwa kuanzia mwanzoni mwa mwaka, na mvua za vuli, zinyeshapo kati ya Oktoba na Desemba, huleta mzunguko wa pili. Kwa hiyo mazoezi hunenepa baada ya mavuno na hukonda wakati wa palizi. Korogwe ilikuwa na saa ya namna nyingine. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, mashamba ya mkonge yakatanda kando yake, na kwa miongo mingi kazi ya mashamba hayo iliendeshwa kwa utaratibu wa kipande: mfanyakazi alishika kadi ya siku 30 za kazi, iliyotiwa alama kila alipomaliza ngwe yake, yaani sehemu aliyopimiwa, na aliyeianza alfajiri akaimaliza mapema aliimiliki alasiri yake. Utaratibu huo ulikuwa mgumu na haufai kupambwa, lakini alasiri iliyobaki ilikuwa miongoni mwa mali chache alizokuwa nazo mkata mkonge, na alichokifanya ndani yake kilikuwa cha hiari yake kwelikweli. Leo saa hupatikana hata katika kungoja, iwe ni abiria au mzigo unaosubiriwa Segera, zinapokutana barabara za Tanga, Moshi na Dar es Salaam, au wateja wasiokuja kwa haraka kwenye maduka ya Chanika na Mombo.

Hapa ndipo sifa za mazoezi zinapokutana na suala la haki, kwa kuwa anayesifu saa za mchezaji wa ridhaa lazima aulize pia ni nani aliyenyimwa saa hizo. Baraza la bao kwa sehemu kubwa limekuwa la wanaume, na hali hiyo haielezi lolote kuhusu akili ya mwanamke. Inaeleza mgawanyo wa alasiri. Handeni ni wilaya iliyosumbuliwa kwa muda mrefu na uhaba wa maji, na saa za kuyatafuta zimekuwa za wanawake na wasichana. Mradi wa maji wa HTM (Handeni Trunk Main), uliojengwa miaka ya 1970, huyachota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapeleka Handeni, na miji yote miwili imo pia katika mradi wa maji wa Miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa India. Miradi kama hiyo kwa kawaida husifiwa kwa afya na uchumi, na inastahili. Lakini bomba linalofika karibu na nyumba humrudishia msichana saa ambazo anaweza kuzitumia kujifunza jambo kwa kulipenda tu, na hakuna sababu ya kuihesabu faida hiyo kuwa ndogo.

Ustadi unaotafutwa bila malipo una heshima yake, kwa sababu hakuna nguvu inayomshurutisha anayeutafuta isipokuwa hamu ya kulifanya jambo vizuri zaidi ya alivyolifanya jana. Bao linaongeza hapo fundisho ambalo kuhesabu saa peke yake hakuwezi kulitoa. Mchezaji hawezi kuupita kwa mbali ustadi wa watu anaocheza nao, kwa kuwa makosa ambayo hakuna anayeweza kuyaadhibu hayatambuliki kuwa ni makosa. Kwa hiyo fundi anayemweleza kijana wa kijijini kwake kwa nini nyumba haikupaswa kuvunjwa mapema anamwandaa mpinzani atakayemlazimisha yeye mwenyewe kufikiri zaidi. Kama vijana wanaojazana leo kwenye drafti, wakisogeza visoda juu ya ubao uliochorwa, wataitwa pia kwenye bao la kujifunza, na kama shule za Handeni na Korogwe zitaweka ubao mmoja mahali ambapo wavulana na wasichana wanaweza kuufikia baada ya masomo, mafundi waliopo hawatakuwa wamepoteza muda kwa kuwafundisha. Saa inayotumika kumsahihisha mwingine ni sehemu halali ya mazoezi ya mtu mwenyewe, na mchezaji wa ridhaa anayeijumlisha humo ndiye aliyeelewa vyema namna ya kuutumia muda mchache alio nao.