Jembe Kwenye Kona ya Picha

Ndugu wasomaji, mimi si mpiga picha. Kamera niliyowahi kushika ilikuwa ya kuazima, na hata hiyo niliwakata watu vichwa. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani Same, na tangu hapo mchana ni vibarua, usiku ni riwaya. Hata hivyo naomba nafasi katika ukumbi huu nizungumzie picha, kwa sababu zimenifanya niichane sura ya kwanza ya riwaya yangu.

Kiangazi kilichopita alikuja mgeni mmoja, mpiga picha wa mandhari, na gari la kukodi. Alitaka kijana wa kumbebea vyombo na kumtafsiria. Jina lake nalihifadhi, maana nazihakiki picha zake, simhukumu yeye. Tena alinilipa vizuri na tulikula sahani moja. Siku ya kwanza tuliingia Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi kwa lango la Zange, kilomita chache tu kutoka mjini, tukaenda hadi bwawa la Dindira. Siku ya pili tulifuata barabara ya Kisiwani, milima upande mmoja, nyika ya hifadhi upande wa pili. Siku ya tatu tukapanda Mbaga. Baada ya mwezi nikapokea kwa basi bahasha yenye picha 22. Zawadi.

Nianze na sifa, maana mhakiki anayeanza na rungu hasomwi. Huyu bwana anaujua mwanga. Pale Dindira tulifika kiza hakijaisha vizuri, akasimama kama mtu anayevizia samaki, hasemi, hanywi hata chai. Kwenye picha milima ya Upare imepangana safu kwa safu, kila ya nyuma imefifia kuliko ya mbele, na tembo wawili wadogo kama punje wako kando ya maji. Ukiitazama unasikia baridi. Mimi niliyezaliwa chini ya milima hiyo nilijikuta nasema: kumbe ndivyo ilivyo! Picha inayomfanya mwenyeji aone upya kwao si picha ya kubezwa.

Sasa lawama. Nilizitandaza zote kitandani nikatafuta mtu. Hakuna. Hakuna paa, hakuna moshi, hakuna hata mbuzi. Jamani, barabara ya Kisiwani tulipishana na watoto wa shule, akina mama na ndizi kichwani, pikipiki zimebeba magunia! Wote aliwasubiri wapite ndipo akabonyeza.

Mtu ataniuliza: hifadhini hakukai watu, sasa ulitaka awatoe wapi? Swali zuri. Ila utupu wa Mkomazi una tarehe zake. Serikali ya kikoloni ilipafanya pori la akiba mwaka 1951, na baadhi ya wafugaji wakaruhusiwa kubaki na mifugo yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliondolewa. Wafugaji 53 walikwenda kortini, na shauri lao likafika hadi Mahakama ya Rufani, iliyoamua mwaka 1999. Mwaka 2008 pori likawa Hifadhi ya Taifa. Siipingi hifadhi. Vifaru weusi na mbwa mwitu wanatunzwa mle, na ni fahari yetu. Ninachokataa ni picha inayoniambia kwamba nyika hii imelala hivi hivi, kimya, tangu Mungu alipoumba dunia.

Halafu kuna jina lenyewe. Mkomazi ni neno la Kipare. Wazee wanasema mko ni kijiko kidogo cha mti cha kulia, na mazi ni maji. Yaani maji ya kujaza kijiko, basi. Sasa kijiko kina mkono unaokishika. Aliyepaita hivyo alikuwa na kiu, alikuwa na chungu jikoni, pengine na watoto wanaomngoja. Neno moja tu limembeba mtu ambaye picha 22 hazikumwona.

Siku ya tatu ndiyo iliyonikaa moyoni. Huko juu tulikuta ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa la asili la Wapare: maji ya kijito yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenye mifereji, watu wanamwagilia kwa zamu. Akina mama kama sita walikuwa wanazoa tope. Mgeni akapenda jinsi mbingu ilivyoingia majini. Akaniambia niwaombe wasogee kidogo, wanaharibu picha.

Nikawaomba, na aibu yangu. Mama mmoja wa makamo akajipangusa mikono kwenye khanga, akanitazama.

"Mwanangu, sisi tutasogea. Na hii ndiva tusogee nayo?"

Wenzake wakacheka. Wakasogea. Mgeni akauliza amesemaje. Nikamwambia amesema sawa. Ndugu zangu, hiyo ndiyo tafsiri mbovu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nililipwa kwayo.

Picha hiyo ni ya 17 katika bahasha. Maji, mbingu, mlima. Lakini kwenye kona ya chini kushoto limebaki jembe, limesimama topeni, mpini umelowa. Nadhani hakuliona. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha bora kuliko zote, hata ile ya tembo. Zile nyingine nazisifu, kisha naziweka kando. Hii inanirudisha. Jembe la nani? Kaenda wapi? Mbona kaliacha katikati ya kazi? Hadithi imeshaanza, na mtu mwenyewe hayupo.

Ndipo nikakifungua kijitabu changu cha riwaya. Sura ya kwanza: ukurasa mmoja na nusu wa jua likichomoza juu ya milima ya Upare, ukungu, ndege, upepo mwanana. Mtu? Hakuna. Kumbe na mimi nilikuwa nimewaambia watu wasogee! Milima hiyo hiyo, Januari 1945, maelfu ya Wapare waliishuka wakapiga kambi hapa Same kuipinga kodi ya mbiru. Njia walizopita mimi nimeziandika kama utepe wa kupendezesha ukurasa.

Wenzangu chipukizi, nimesoma miswada yenu kama mlivyosoma yangu, na najua wengi wetu tunaanzia hapo hapo, kwenye machweo ya kalenda. Sisemi kila mandhari ijazwe watu kama stendi ya basi. Picha ya 17 haina mtu. Ila imeacha alama ya kazi yake, na alama hiyo inamdai msomaji jibu. Tukiandika mlima, tujiulize nani kaupanda leo na kabeba nini. Tukiandika bwawa, tujiulize nani kalichimba.

Sura nimeianza upya. Inaanza na mpini wa jembe uliolowa. Ikinishinda nitawaambieni. Na mpiga picha nitamwandikia barua, nimwambie yule mama alisema nini hasa.